Mishale Miwili ya Sekunde

Fundi wangu wa saa alikuwa na kibanda cha bati mjini Migori, kwenye veranda ya duka la vyuma, hatua chache kutoka barabara kuu. Kilikuwa na upana wa mlango mmoja. Yeye alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mimi ni Mjaluo wa Kendu Bay, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho tulizungumza Kiswahili, kila mmoja na makosa yake ambayo mwenzake alishayazoea. Aliniita daktari, ingawa mimi ni afisa wa kliniki tu katika hospitali moja ya Homa Bay. Mimi nilimwita mzee hata kabla nywele zake hazijaanza kubadilika.

Nilifika kwake mara ya kwanza na saa ya kawaida iliyokuwa imeingia maji. Alikuwa amefungua saa ya mtu mwingine. Akaniambia nisubiri, na nisiegemee meza. Nikasubiri. Baada ya muda, labda kwa sababu sikulalamika, alitoa lenzi jichoni mwake akanipa.

"Angalia hii," akasema. "Lakini usipumulie."

Niliona magurudumu yamelala juu ya magurudumu, na vyuma vyembamba kuliko ukucha vimepangwa katikati yake. Akabonyeza kitufe ubavuni mwa saa. Chuma kimoja kikasogea, kikakisukuma kingine, na gurudumu lililokuwa limetulia likaanza kuzunguka. Akabonyeza tena, likasimama. Nilimwomba arudie. Alirudia mara tano bila kunung'unika, na baadaye nikagundua kwamba hakuwa na subira ya namna hiyo kwa watu wengi.

Saa ya aina ile huitwa kronografu. Ni saa ya mkononi kama nyingine yoyote, ila ubavuni ina vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu wa sekunde ulioko katikati unaanza kutembea. Ukikibonyeza tena unasimama. Ukibonyeza cha chini unarudi kwenye sifuri. Wakati huo wote saa yenyewe haisimami. Unaweza kupima mbio za wanafunzi uwanjani na bado usichelewe kanisani.

Mwaka uliofuata alinitafutia ya kwangu. Ilikuwa kuukuu, ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, na pembeni mwa uso wake palikuwa na namba nyekundu. Zilikuwa za kupimia mapigo ya moyo. Unashika kifundo cha mkono wa mgonjwa, unabonyeza, unahesabu mapigo thelathini, unabonyeza tena, na mshale unakuonyesha moja kwa moja ni mapigo mangapi kwa dakika. Huna haja ya kuzidisha chochote. Niliivaa wodini kwa miaka mingi, hata baada ya mashine kuletwa, kwa sababu mashine hutegemea umeme, na umeme wetu una tabia zake. Mara nyingi nilimfikiria yule aliyeichora. Nilikuwa na hakika kwamba aliwahi kusimama kando ya kitanda, akajua kuwa mtu anayeshika mkono wa mgonjwa mahututi hana akili ya kufanya hesabu.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Sina njia ya kulieleza jambo hili likamridhisha kila mtu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alilichukua kama ugonjwa mdogo ambao angalau haukunipeleka baa. Nilikuwa na tatu, kisha tano, kisha nane. Nyingine nilizipata kwa watu waliorithi na hawakujua walichorithi, nyingine kwa wakusanyaji wenzangu wa Nairobi na Kisumu tuliojuana kupitia kundi la simu. Kila saa niliyopata niliipeleka kwanza Migori. Fundi aliifungua, tukaitazama pamoja, akaniambia ni nani alifikiria vizuri na ni nani alitaka tu kuuza.

Kwake nilijifunza kuhukumu kronografu kwa kidole kabla ya jicho. Kuna zile zinazoongozwa na gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama wima. Hizo kitufe chake kinakubali taratibu, sawasawa, kama mlango uliotundikwa vizuri. Kuna za bei nafuu zinazotumia bamba la chuma lililokatwa. Hizo lazima usukume kwa nguvu, kisha kitufe kinashtuka. Kwenye saa nyingi za zamani, ukibonyeza kuanza, mshale unaruka kidogo kwa sababu meno ya magurudumu mawili yanakutana ghafla. Baadaye wabunifu wakapata njia ya kuyaunganisha magurudumu kwa kuyalaza moja juu ya jingine na kuyabana, na ule mruko ukaisha. Mtu asiyejali atasema ni jambo dogo. Mimi niliendesha gari kutoka Homa Bay hadi Migori siku ya mapumziko kwenda kumwonyesha mzee mshale usioruka, naye akafunga kibanda tukanywa chai.

Tulikosana juu ya saa mpya. Nilinunua moja, ya fahari, yenye duara la kauri lisilochubuka, kioo ambacho kisu hakikikwaruzi, na ndani springi ya silikoni isiyohitaji mafuta na isiyosumbuliwa na sumaku. Hata leo ninaamini ni kazi kubwa ya akili. Yeye aliigeuza, akatafuta pa kuingizia kifaa chake, hakupata. Ilikuwa imefungwa ili ifunguliwe na walioitengeneza peke yao.

"Hii ilitengenezwa isikufe," alisema akinirudishia. "Siku itakufa, imekufa kabisa."

Nilimwambia anaona wivu. Aliendelea na kazi yake, nami nikaendelea kuivaa.

Saa iliyotuletea shida ilifika baadaye. Kwa mkusanyaji, kilele cha kronografu za kutiwa ufunguo ni ile yenye mishale miwili ya sekunde. Mishale hiyo imelaliana, ukiitazama unadhani ni mmoja. Ukiianzisha, inatembea pamoja. Ukibonyeza kitufe cha tatu, mmoja unasimama ili usome muda wa mkimbiaji wa kwanza, na mwingine unaendelea na mkimbiaji wa pili. Ukibonyeza tena, ule uliosimama unaruka kumfikia mwenzake, na inaenda sambamba kama hakuna kilichotokea. Ndani yake kuna taya mbili ndogo zinazobana gurudumu na kuliachilia. Ni mafundi wachache mno duniani wanaoweza kuziweka sawa. Nilikuwa nimeitafuta saa ya namna hiyo karibu miaka kumi. Niliipata kwa familia moja iliyokuwa inagawana vitu vya marehemu, na ilikuwa na kasoro: mshale wa pili ukishasimama haukutaka kurudi.

Nilimpelekea mzee. Alikaa nayo muda mrefu chini ya lenzi. Akasema itachukua mwezi mmoja.

Mwezi ukapita. Nilipopiga simu alisema bado. Nilipokwenda, alisema iko nyumbani, anaifanyia huko kwa sababu kibandani kuna vumbi. Miezi minne ikapita, kisha sita. Katika ziara hizo nilikaa mbele yake, mkono mmoja kutoka uso wake, na sasa naweza kusema yote niliyoyaona. Aliongea kwa sauti ya chini hadi nikamwambia amwombe jirani azime redio. Mwandiko wake kwenye vikaratasi anavyofunga kwenye saa za wateja ulikuwa umekuwa mdogo, mdogo zaidi kila mwezi, mpaka nikamtania kwamba anabana wino. Aliposimama kunisindikiza, mkono wake wa kulia ulining'inia bila kupunga. Mara nyingi aliukalia. Uso wake, uliokuwa na dhihaka nyingi, ulikuwa umetulia kupita kiasi, nami nikautafsiri kuwa uso wa mtu anayeficha kitu.

Alikuwa anaficha kitu, kweli. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejifunza wodini kwetu, kama ningemweleza dalili zile, angenitajia jina la ugonjwa kabla sijamaliza sentensi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za saa.

Kwenye kundi letu la simu nilieleza kwamba fundi amekaa na saa yangu zaidi ya nusu mwaka. Wenzangu hawakusita. Mmoja alisema vipuri vya mishale miwili vinatafutwa sana ng'ambo. Mwingine aliuliza kama nilipiga picha ya ndani kabla ya kumpa. Sikuwa nimepiga. Nilisoma maneno yao mara mbili, mara tatu, na kila nilipoyasoma yalionekana ya kweli zaidi. Jumamosi moja nikaenda Migori nikakuta kibanda kimefungwa kwa kufuli. Mwenye duka la vyuma alisema hajafungua wiki tatu. Nikageuza gari nikaenda Kehancha, na njia nzima nilipanga nitakachomwambia.

Sikuwahi kufika kwake kabla ya siku hiyo. Nyumba ilikuwa ya matofali, na shamba la mahindi lilikuja hadi ukutani. Mke wake alinipokea vizuri, akaniletea kiti nje, akasema mzee anakuja. Alichelewa kutoka. Nilimsikia akiburuta miguu sakafuni, na hata sauti hiyo ilinikera, nikidhani anajivuta makusudi.

Sikusubiri asalimie. Nilisema nimekuja kuchukua mali yangu kama ilivyo, na kama kuna kilichotolewa ndani nitajua, kwa sababu nina watu wanaozifahamu saa hizi. Nilisema miaka ishirini ni mingi, nilidhani namjua. Mke wake alisimama mlangoni na birika mkononi. Sikunyamaza kwa ajili yake.

Mzee aliketi. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni akauweka juu ya goti, mbele yangu, akauacha.

Ulitetemeka. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana taratibu, bila kukoma, kama mtu anayezungusha kidonge kisichokuwepo.

"Nilivunja springi yako, daktari," akasema. "Mwezi wa pili. Mkono ulikataa. Nimejaribu kutengeneza ingine mara nne."

Alimwomba mke wake alete sanduku. Saa yangu ilikuwa ndani, imelala kwenye kitambaa safi, kila kipande kwenye shimo lake. Kando yake kulikuwa na springi nne ndogo za chuma zilizokatwa kwa mkono. Ya kwanza ilikaribia kuwa nzuri. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, ya tatu mbaya kuliko ya pili, na ya nne ilikuwa kipande cha chuma tu. Alikuwa amezipanga kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Nilishika mkono wake. Niliukunja kwenye kiwiko, nikasikia ule ugumu unaokwenda kwa kukwamakwama, kama gurudumu lenye meno. Nilimwomba atembee hadi kwenye lango arudi. Nilimwomba anitazame. Nilipomaliza nilimweleza kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kwamba unaanzia ubongoni, kwamba dawa zipo za kumsaidia lakini hazitauondoa. Aliuliza kama mkono utarudi kufanya kazi ndogo. Nilimwambia hapana. Alitikisa kichwa kukubali, akasema chai inapoa.

Niliomba radhi. Alisema ni sawa. Sikuweza kujua kama ilikuwa sawa, kwa maana uso wake haukuonyesha tena alichokuwa anahisi.

Nilimpeleka Homa Bay Jumatatu, akaanza dawa. Nilimwambia asahau ile saa. Nilimaanisha. Lakini wiki mbili baadaye alinipigia simu mwenyewe, akaniuliza kama bado ninashona vidonda. Nikasema ndiyo, karibu kila siku.

"Basi mikono iko," akasema. "Kuja."

Kwa muda wa miezi mitano, karibu kila Jumamosi asubuhi, niliendesha gari kupitia Rongo na Migori hadi kwake. Tuliweka meza chini ya dirisha la mashariki. Mimi nilivaa lenzi, yeye alikaa kulia kwangu na kuniambia la kufanya. Alikuwa mwalimu mgumu. Alinikataza kugusa saa yenyewe kwa wiki sita. Nilikata na kusugua vyuma vya springi kuukuu kwa tupa nyembamba, nikavipasha moto juu ya taa ya spiriti hadi vigeuke rangi ya samawati, nikavipoza, nikavipinda, na vingi vikavunjika. Kidonda kinakusamehe ukikosea kidogo. Nyama hujivuta ikaungana yenyewe. Chuma hakikunisamehe hata mara moja.

Ilinishangaza kwamba hakuhitaji kuona. Alifumba macho akasikiliza tupa yangu, akasema, "Unabonyeza sana," au, "Hapo umefika, acha." Mara mbili aliunyoosha mkono wake ili anionyeshe, kisha akakumbuka, akaurudisha chini ya paja. Mke wake alikuwa akituletea uji wa wimbi saa nne, na bila kumuuliza mtu alimshikia mumewe kikombe.

Springi tuliyoipachika hatimaye ilikuwa ya kumi na moja niliyotengeneza. Nilirudisha taya mbili mahali pake, nikakaza skrubu, nikatia ufunguo. Mzee alisema nibonyeze. Mishale ikaanza kutembea pamoja. Nikabonyeza kitufe cha tatu, mmoja ukasimama. Tukasubiri sekunde kumi na kitu. Nikabonyeza tena, nao ukaruka, ukamfikia mwenzake. Palibaki upenyo mwembamba kati yao, unaoonekana kwa lenzi tu.

Nilimwambia kuhusu upenyo ule.

"Najua," akasema. "Nimesikia."

Aliniuliza kama nataka tuirudie. Nilisema hapana, na nadhani hilo lilikuwa jibu baya. Alipenda kazi ikamilike. Jumamosi iliyofuata nilirudi, tukaifungua upya, tukahangaika nayo hadi adhuhuri. Upenyo ulipungua. Haukuisha.

Baadaye niliposimulia habari hiyo kwenye kundi, wenzangu walisema saa yenye kipuri kisicho cha kiwandani si ya mkusanyaji tena. Kwa kanuni zetu walisema kweli. Nilitoka kwenye kundi lile bila kugombana na mtu, na sijatafuta jingine. Sijaacha kuzipenda kronografu mpya. Ile ya kauri bado ninayo na bado inanishangaza. Ila sasa nikiona ubunifu mpya, swali langu la kwanza ni kama mtu atakayekuja baadaye ameachiwa mlango wa kuingia.

Mzee aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Dawa zilimsaidia mwaka wa kwanza. Alitembea, akacheka kwa sauti ingawa uso haukufuata. Kisha kumeza kukawa kugumu, na mwaka jana, mvua za masika zilipoanza, chakula kiliingia kifuani akashikwa na nimonia. Nilikuwa wodini alipoletwa. Nilishika kifundo cha mkono wake nikahesabu. Nilijua kabla sijafika thelathini. Mkono ule ulikuwa umetulia, kama unavyotulia hata kwa wagonjwa wa namna hiyo wakiwa usingizini, na mkewe aliuona akadhani amepata nafuu. Ilinibidi nimweleze. Alifariki kesho yake asubuhi.

Alizikwa nyumbani. Waliomba niseme kitu kama daktari wake na rafiki yake. Nilisema alikuwa fundi hodari na mtu wa kweli, nikakaa chini. Yale mengine niliyapeleka kwa mke wake mwenyewe, mwezi mmoja baadaye, watu walipokuwa wametawanyika. Nilimkuta uani na gunia la mahindi. Nilimwambia kwamba siku ile niliyokuja na hasira, niliyosema mbele yake bado yananirudia, na kwamba ninamwomba msamaha yeye kando na mumewe.

Alimalizia hindi alilokuwa nalo, akatupa gunzi kwenye lundo.

"Maneno ya siku hiyo hayakumsumbua," akasema. "Kilichomsumbua ni miezi ya kabla yake. Kila ukitoka kibandani alikuwa anarudi hapa ananiambia, leo daktari ataona. Leo ataniuliza. Alikuwa anaogopa hospitali, hakujua ataanzaje kusema. Alikuwa anangoja wewe uulize."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kwa sababu nilikuwa nimeleta neno la kweli naye akanirudishia la kweli. Nilibaki nimesimama, funguo za gari mkononi, hadi aliposukuma kigoda kwa mguu kuelekea upande wangu.

Nikaketi. Nikachukua hindi. Yalikuwa mahindi makavu, magumu kwenye vidole, na tulipukuchua hadi gunia likafika nusu, yeye akinieleza habari za wajukuu na jinsi panya walivyoharibu ghala, nami nikimsikiliza.